Huku wametunza makaratasi, kwetu bado tuna mzee

Mwaka wa tatu huu niko London nasomea sanaa za jukwaani, na nyie mnaoniuliza kila siku kama huku ni kuzuri kuliko Kampala leo nawajibu kwa kile ninachokijua. Akaivu, yaani hifadhi ya kumbukumbu, ya National Theatre yao iko karibu na Waterloo, unabuki siku yako, unakaa mbele ya skrini unaangalia mchezo wa miaka ishirini nyuma, bure kabisa. Wametunza mpaka ripoti za kila usiku, taa gani iligoma, nani alichelewa kutokea stejini. Niliona wivu, sitawaficha.

Manake National Theatre yetu ya Kampala ilifunguliwa 1959, haya katafute kanda za michezo ya enzi za Amin uniambie. Byron Kawadwa alikuwa ndo mkuu wa sanaa pale, akapeleka mchezo wake Oluyimba lwa Wankoko FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, kule Lagos 1977, na mwaka huohuo watu wa Amin wakamchukua wakamuua. Baada ya hapo nani angethubutu kukaa na makaratasi ya mchezo nyumbani?

Sasa kwa michezo hiyo ya zamani supavaiza wangu kila tukikutana ni "skripti iko wapi". Mwaka jana nilirudi nikampata mzee mmoja Bwaise, mtaa wa Kampala, aliyeigiza miaka hiyo, nikatoa kalamu, akasema mwanangu hiyo weka chini. Akasimama, goti lenyewe bovu, akaimba sehemu ya kwaya, akahamia upande wa pili wa meza akajijibu kwa sauti nyingine, anajipiga paja pale ngoma inapoingia, na mkewe huko jikoni akaitikia bila kuitwa, hata kijiko hakuweka chini. Dakika arobaini! Video nimeileta huku naambiwa haya ni mahojiano tu, siyo matini.

Jamani, mtu anakumbuka mpaka pa kuvuta pumzi, mnataka matini gani tena? Rose Mbowa wa Makerere alitunga mchezo wa Mother Uganda and Her Children kwa ngoma na nyimbo za makabila yetu, yaani ukiiweka yote kwenye karatasi unabaki na mifupa. Shida ya huku wanaamini kabati kuliko mtu, na shida yetu sisi mtu tunaye ila hatumrekodi, hapo simtetei yeyote.

Mimi nimeshanunua maikrofoni nzuri, nauli ya Desemba ndo bado naitafuta. Juzi nimepiga simu akapokea mkewe, anasema mzee sauti imeanza kukauka.