Sahani hairudi tupu

Huu ni mwaka wangu wa tisa Milton Keynes, Uingereza. Nimezaliwa na kukulia Sinza, Dar es Salaam. Nikirudi likizo nasikia watu wakisema wenzetu wametushinda kwa sababu wao hupima mji kabla ya kujenga. Huwa nacheka. Sinza nayo ilipimwa! Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilikata viwanja pale, ikachonga barabara, watu wakapewa wajenge wenyewe. Milton Keynes ilitangazwa kuwa mji mpya mwaka 1967. Ni marika, tena yote miwili ilianzia kwenye karatasi.

Ila huku barabara zina namba. H6 inakatana na V7, na kila ukigeuka ni kipilefti. Sinza, kituo kinabeba jina la jirani. Konda akiuliza, "Kwa Remmy wapo?" anamtaja Remmy Ongala, mwanamuziki aliyetoka Kongo akaweka makazi pale. Alifariki mwaka 2010, na mpaka leo watu wanashuka kwake.

Sasa niseme ambalo ndugu zangu hawapendi kulisikia. Siamini kwamba sisi tuna upendo kuliko Waingereza. Kilichotuunganisha Sinza ni shida ya maji. Bomba la kwetu lilikuwa bondeni kidogo, likitoa maji wakati ya wenzetu yamekauka, basi saa kumi alfajiri uani kumejaa ndoo na kanga. Mama hakuwa na rafiki wa kuchagua, alikuwa na foleni. Televisheni vilevile. ITV ilipoanza mwaka 1994, mtaa wetu ulikuwa na seti moja. Wenye nyumba kwenye makochi, sisi sakafuni, na ndala zetu rundo mlangoni. Mara nyingi nilirudi na ya kushoto yangu na ya kulia ya mtu mwingine, kesho yake mnatafutana mbadilishane. Hapo tayari mmeshajuana.

Na gharama yake ilikuwepo. Ukifeli hesabu, habari inafika nyumbani kabla yako. Mzazi yeyote alikuwa na ruhusa ya kukuchapa, halafu unachapwa tena kwenu kwa kumchosha mama wa watu. Hilo silikumbuki kwa mapenzi hata kidogo.

Huku sina cha kuazima. Maji yapo, umeme upo, chumvi naletewa mlangoni. Idi ya mwaka wangu wa pili nilimpelekea mzee wa nyumba ya pili sahani ya pilau. Alifurahi kweli. Kesho yake nikaikuta sahani mlangoni, imeoshwa inang'aa, juu yake kadi ya ahsante. Nikaigeuza, nikaangalia chini yake, kama mjinga. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama ni maembe mawili au vitumbua vya jana. Mzee hakukosea chochote. Alifunga hesabu tu, na kwetu hesabu hiyo ilikuwa haifungwi.

Mwaka jana nilikwenda Sinza nikiwa na hamu ya uani kwetu. Kila nyumba ina tangi lake la maji, ukuta mrefu na geti la chuma. Ukitaka kuingia unapiga simu: "Nipo getini." Nyumba iliyokuwa na televisheni imekuwa fremu za maduka, na mama wa Kinyakyusa aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya bomba amehamia Goba. Aliondoka ghafla, wanawe wakamchukua.

Siku naondoka nilifungua kabati nitafute kikombe, nikaona sahani ya bati yenye maua mekundu ambayo si yetu. "Ya mama Goba hiyo," mama akasema. "Irudishe hapo. Sijapata cha kuiwekea."