Nakala Usiyoijaribu Usiihesabu

Mazungumzo ya kutunza mafaili huishia kwenye vifaa: ununue diski ya nje au ulipie hifadhi ya mtandaoni? Tumia vyote viwili, yaishe. Swali linalonitia wasiwasi ni lile lisiloulizwa: mara ya mwisho ulirudisha faili kutoka kwenye nakala zako lini?

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu, alifuta hifadhidata, yaani ghala la taarifa, kwenye seva (kompyuta inayohudumia nyingine) isiyo yenyewe. Alipogutuka na kusitisha amri, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Kukosea ni ubinadamu. Balaa lilikuwa kwenye nakala. Zile za kila siku hazikuwepo: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisiloendana na hifadhidata, ikawa inagoma kila inapoanza, na barua pepe za kutoa taarifa ya hitilafu zilikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua takriban saa 6 kabla, tena kwa shughuli nyingine kabisa. Kampuni ilieleza yote hadharani, na kwa hilo naiheshimu sana.

Kwenye simu zetu mambo hayako mbali na hayo. Hifadhi ya mtandaoni hujaa, tangazo linatokea, tunalifuta kwa kidole, na kuanzia hapo picha mpya haziendi popote. Nakala za WhatsApp zilizofungwa kwa nywila yako mwenyewe hazifunguki ukiisahau, na kampuni haina namna ya kukufungulia. Tena kuna watu ambao akaunti yao yote inategemea msimbo unaotumwa kwenye simu ileile iliyopotea!

Kuona majina ya mafaili hakutoshi. Picha inaweza kuonekana nzima ikiwa ndogo, ukiifungua nusu ya chini ni kijivu kitupu. Kwa hiyo chukua kifaa kingine, ingia kwa nywila, shusha video ya zamani uitazame hadi mwisho, kisha fungua hati unayoithamini. Fanya hivyo mara kwa mara, hasa unapobadilisha simu, na ile ya zamani usiifute wala kuiuza mpaka umalize.