Neon imepanda, lakini gharama imelipwa na nani?

Mei 2025, mwongozaji wa Iran Jafar Panahi alipokabidhiwa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, kwa filamu yake It Was Just an Accident, kampuni ya Marekani ya kusambaza filamu iitwayo Neon ilisherehekea ushindi wa tuzo hiyo kwa mara ya sita mfululizo. Neon haikuitengeneza filamu hiyo. Ilinunua haki za kuisambaza tamasha likiwa bado linaendelea, siku chache tu kabla ya majaji kutangaza uamuzi. Kabla ya hapo ilikuwa na Parasite mwaka 2019, Titane 2021, Triangle of Sadness 2022, Anatomy of a Fall 2023 na Anora 2024. Mwaka 2020 mashindano hayakufanyika kwa sababu ya korona.

Miaka hiyohiyo studio kubwa za Hollywood zilikuwa zinayumba. Tiketi zilizouzwa Marekani na Kanada mwaka 2019 zilipita dola bilioni 11. Mwaka uliofuata zikaporomoka hadi karibu bilioni 2, na hata 2024 zilikuwa bado hazijafika bilioni 9. Warner Bros. iliamua filamu zake zote za 2021 ziingie HBO Max, huduma yake ya kutazama filamu mtandaoni, siku ileile zinapoingia sinema. Mwaka 2023 waandishi waligoma kwa siku 148 na waigizaji kwa siku 118. Katikati ya yote hayo, kampuni changa iliyoanzishwa 2017 na Tom Quinn na Tim League ilibeba Oscar ya filamu bora mara mbili: kwa Parasite, filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuipata, na kwa Anora.

Wanaoishangilia Neon wanasema imethibitisha kwamba watazamaji hawakuikimbia sinema, bali walichoshwa na walichokuwa wanapewa. Wanaoitilia shaka wanasema ni kampuni ndogo yenye bahati na kelele nyingi za matangazo, ambayo mapato yake ya mwaka mzima yanaweza kumezwa na filamu moja kubwa ya Disney. Kila upande una hoja, ila naona wote wanalikwepa swali la fedha: nani alibeba hatari ya kuzitengeneza filamu hizi?

Tuanze na sifa, kwa sababu Neon na mwanzilishi wake Quinn wanazistahili. Quinn hakumwokota Bong Joon Ho, mwongozaji wa Parasite, barabarani. Alikuwa akisambaza filamu zake Marekani miaka mingi kabla ya Parasite, akiwa katika kampuni nyingine. Filamu ya Bong iitwayo Snowpiercer ilipokwama kwa sababu Harvey Weinstein, bosi wa kampuni iliyokuwa na haki zake, alitaka ikatwe dakika nyingi na Bong akakataa, ilihamishiwa kitengo kidogo cha kampuni hiyo ambacho Quinn alikiongoza, ikatoka Marekani 2014 bila kukatwa. Mwongozaji hasahau jambo kama hilo. Kwa hiyo anayesema Neon ina bahati aeleze bahati hiyo ilichukua muda gani kujengwa.

Halafu kuna Longlegs. Filamu hii ya kutisha ya Osgood Perkins, iliyotoka Julai 2024, iligharimu chini ya dola milioni 10. Nyota wake mkubwa alikuwa Nicolas Cage, na Neon ikaamua kuuficha uso wake katika matangazo. Huko Los Angeles iliweka bango lenye namba ya simu; ukipiga, unaisikia sauti ya muuaji wa kwenye filamu. Watu walipiga, wakarekodi, wakarushiana mitandaoni, na kazi ya kuitangaza filamu wakaifanya wenyewe. Longlegs iliingiza zaidi ya dola milioni 22 wikendi ya kwanza na takriban milioni 74 Marekani na Kanada kwa jumla. Studio yenye jeshi la watu wa masoko ingeubandika uso wa Cage kila kituo cha basi. Hapo sioni bahati, naona watu wanaomjua mtazamaji wao.

Sasa tuje kwenye hesabu. Msambazaji hununua haki, hulipia matangazo, kisha hugawana mapato na wenye sinema, mara nyingi karibu nusu kwa nusu. Katika fungu lake hukata kwanza gharama na kamisheni. Kinachobaki ndicho kinachomfikia mtayarishaji, kama kimebaki. Mpangilio huu una uhalali wake, maana msambazaji naye anaweza kupoteza, na Neon imewahi kuzitoa filamu zilizopita bila watu kuziona. Lakini anayenunua filamu iliyokamilika ameshaiona. Hatari kubwa zaidi, ile ya kuanza na karatasi tupu, ilikwisha kubebwa na mwingine.

Na huyo mwingine mara nyingi ni umma wa Ulaya. Mwongozaji Mfaransa Justine Triet alipopokea Palme d'Or ya Anatomy of a Fall, aliishambulia serikali ya Ufaransa jukwaani kwa kuigeuza sanaa kuwa biashara. Waziri wa utamaduni wa wakati huo, Rima Abdul Malak, alijibu kwamba filamu ile isingekuwepo bila mfumo wa Ufaransa wa kufadhili sinema. Wengi waliyachukua majibizano hayo kama ugomvi wa kisiasa, lakini kwetu tunaofuatilia biashara ya filamu waziri alikuwa ametaja jambo zito. Ufaransa hukata kodi katika kila tiketi ya sinema, na fedha hizo huingia katika mfuko wa filamu unaosimamiwa na CNC, taasisi ya umma ya sinema. Kodi hiyo haichagui. Tiketi ya filamu ya mashujaa kutoka Hollywood hukatwa sawasawa na tiketi ya filamu ya Triet. Titane nayo ni ya Ufaransa na Ubelgiji, na hata filamu ya Panahi, iliyopigwa Iran kwa siri bila kibali, ilikuwa na watayarishaji wa Ufaransa.

Ukiufuata mnyororo huo, hoja ya kwamba Neon inapanda huku studio zikianguka, na kwamba hilo ni jema, inaanza kupwaya. Filamu kubwa za studio zinajaza kumbi, kumbi zinalipa kodi, na kodi inasaidia kuzaa filamu ambazo Neon inakuja kuzinunua Cannes. Upande wa Marekani ni hivyohivyo: ukumbi unaoonyesha Anora unalipia umeme wake kwa filamu za studio za msimu wa kiangazi. Studio zikififia kabisa, Neon haitarithi ufalme. Itakosa kumbi za kuonyeshea kwanza, kisha itakosa filamu za kununua.

Nina wasiwasi mwingine, ingawa ni mdogo kuliko huo. Cannes ya 2025 Neon iliondoka na haki za Marekani za filamu ya Panahi na pia za Sentimental Value iliyopata Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa, The Secret Agent iliyopata tuzo za mwongozaji na mwigizaji bora wa kiume, na Sirât iliyogawana tuzo ya majaji. Kampuni ndogo ikishika filamu zote hizo kwa msimu mmoja, zinagombania bajeti moja ya matangazo na timu moja ya kampeni ya Oscar. Kwa Neon ni fahari. Kwa mwongozaji ambaye filamu yake itawekwa nafasi ya nne kwenye foleni ya ndani, huenda kampuni nyingine yenye filamu moja tu ingemfaa zaidi.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kuhusu swali la fedha aliutoa Sean Baker, mwongozaji wa Anora, mwenyewe. Anora iligharimu dola milioni 6, ikapata Oscar tano, nne kati ya hizo zikiwa zake binafsi. Jukwaani kwenye Oscar aliwaomba wasambazaji waitangulize sinema kabla ya kitu kingine, na Neon ilistahili kuinua kichwa. Lakini siku chache kabla, kwenye Independent Spirit, tuzo za Marekani za filamu huru zisizo za studio kubwa, alikuwa amesema kwamba mtu anayetumia miaka mitatu kuitengeneza filamu huru hawezi kuishi kwa malipo anayopewa, na akataka malipo ya mwanzoni yapandishwe. Aliyasema hayo akiwa ndiye mshindi, mwenye msambazaji anayesifiwa kuliko wote.

Sidhani Neon ndiyo iliyosababisha hali hiyo, na sidhani inaweza kuimaliza peke yake. Ila ndiyo kampuni ambayo kila mwongozaji anataka jina la kampuni hiyo liwe kwenye bango la filamu yake, na anayetafutwa hivyo anaweza kuweka masharti ya soko. Mwaka wowote ikiamua kulipa mapema, kabla filamu haijapigwa, na kuwalipa vizuri zaidi wale wanaoanza na karatasi tupu, wasambazaji wenzake watalazimika kufuata ama kuzikosa filamu.