4294967297 ina kazi gani darasani?

Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza Uganda mwaka 2020 unataka hisabati iguse maisha: shamba, duka, tangi la maji. Kwa msingi huo wapo wanaoona kuchambua vigawo vya namba kubwa ni anasa, maana kikokotoo kipo. Wana hoja, hasa wakimtetea mwalimu mwenye darasa lililofurika. Na kweli, hakuna mteja wa soko la Owino atakayeuliza kama 4294967297 ni namba tasa, yaani isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Hata hivyo, tazameni namba hiyo inakotoka. Anza na 3. Toa 1, zidisha kinachobaki kwa chenyewe, kisha ongeza 1: unapata 5. Rudia, upate 17, halafu 257, halafu 65537. Zote tano ni tasa. Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini hali hiyo haina mwisho. Ya sita ndiyo 4294967297, na mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alionyesha kuwa ni 641 mara 6700417. Mifano mitano ya kweli haikutosha kuwa uthibitisho, hata kwa mtu mwenye akili ya Fermat. Sijui zoezi la faida na hasara linaloweza kumfundisha mtoto jambo hilo kwa uwazi kiasi hiki.

Turudi kwenye kikokotoo. Namba hii ina tarakimu 10, inaenea kwenye kioo chake. Ukiigawa kwa 641 hakibaki kitu. Lakini nani atakwambia ujaribu 641? Ukizipitia namba tasa moja moja kuanzia 2, hiyo ni ya 116. Euler, katika njia aliyoieleza baadaye, alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Kufika 641, namba tasa zenye sifa hiyo ni 193, 257, 449, 577 na yenyewe 641. Majaribio 116 yamegeuka 5! Kazi hiyo imefanywa na fikra kabla kitufe hakijabonyezwa, na kufikiri kwa kina ni stadi ambayo mtaala wenyewe unaidai.

Wengine huzitetea namba kubwa kwa sababu ya usalama wa intaneti, kwani baadhi ya mifumo ya siri hutegemea ugumu wa kupata vigawo vyake. Ni kweli, ila mwanafunzi wa kidato cha pili hahitaji kungoja sababu hiyo.

Ninachoomba ni kipindi kimoja: vikokotoo mezani, wanafunzi kwa makundi, kila kundi lijaribu kwanza bila kuambiwa siri ya 64, kisha liambiwe. Kwenye mtihani wa taifa isitokee. Ikiingia huko, watoto watakariri 641 na somo lenyewe litapotea.