Skrubu ya jino: ya kukwaruza au ya kuteleza?

Mtazame fundi wa plasta akiwa kazini kwenye jengo jipya la mtaa wa Pipeline au Umoja, Nairobi. Kabla hajaweka simiti juu ya nguzo ya zege, huichapa kwa nyundo na tindo mpaka ijae makovu. Zege laini halishiki plasta. Haipiti miezi mingi inabanduka kama ganda. Lakini fundi huyo huyo akifika jikoni, kando ya sinki, hubandika vigae vinavyoteleza, maana ukuta unaokwaruza hunasa mafuta na masizi. Ubishi wa madaktari wa meno kuhusu pandikizi, ile skrubu ya titani inayofungwa ndani ya taya ili ibebe jino bandia, ni huo huo. Tofauti ni kwamba mdomoni, nguzo na sinki ni kitu kimoja.

Mswidi Per-Ingvar Brånemark aligundua miaka ya 1950, akichunguza mifupa ya sungura, kwamba titani na mfupa hushikamana. Mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza skrubu hizo. Zilichongwa kwa mashine tu, karibu laini, na mgonjwa alisubiri miezi 3 kwa taya la chini na 6 kwa la juu kabla ya kufungiwa meno. Zilifanya kazi, tena nyingine kwa miongo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba skrubu laini haishiki kabisa anakuuzia kitu.

Hata hivyo, zilikuwa na udhaifu wake. Sehemu ya nyuma ya taya la juu mfupa ni mwororo, na huko zilifeli zaidi, hasa zilizokuwa fupi. Ndipo watengenezaji wakaanza kuzipulizia chembe ngumu kisha kuziosha kwa asidi. Mikwaruzo hiyo hupimwa kwa mikromita: skrubu za kale hazikufika 1, nyingi za leo ziko kati ya 1 na 2. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi, kwa hiyo tunabishania vitu visivyoonekana kwa macho.

Faida yake inaanza na damu. Tundu likishatobolewa, damu huganda juu ya skrubu. Kwenye titani yenye mikwaruzo, nyuzi za damu iliyoganda hung'ang'ania, na seli za kujenga mfupa hupanda juu yake na kuanza kazi papo hapo kwenye skrubu. Kwenye titani laini nyuzi hizo huachia kwa urahisi, hivyo mfupa hujengwa zaidi kutoka ukutani mwa tundu ukielekea ndani. Ukijaribu kuifungua skrubu kutoka kwenye mfupa wa mnyama, ile yenye mikwaruzo ya wastani huhitaji nguvu kubwa zaidi. Kwa mgonjwa mwenye mfupa mzuri, baadhi ya skrubu hizi zimepunguza kusubiri hadi wiki 6.

Lakini usichanganye mshiko huo na ule wa siku ya kwanza. Siku hiyo skrubu hushikwa na meno ya skrubu yenyewe, yale yaliyochongwa kuizunguka, ugumu wa mfupa na mkono wa aliyetoboa. Kisha mfupa uliobanwa huanza kuliwa kabla mpya haujakomaa, na kati ya wiki ya 2 na ya 4 skrubu huwa dhaifu kuliko ilivyoanza. Mikwaruzo husaidia kufupisha kipindi hicho cha udhaifu; haimwokoi daktari aliyetoboa tundu pana.

Sasa geuka upande wa sinki. Fizi zikirudi nyuma na mikwaruzo ikatokeza mdomoni, bakteria hupata maskani, na kuisafisha ni kazi ngumu. Ndiyo sababu skrubu za zamani zilizopuliziwa titani iliyoyeyushwa, zenye mikwaruzo zaidi ya mikromita 2, zilipoteza sifa. Majaribio kwa mbwa yameonyesha kuwa uambukizo ukishaanza, mfupa huliwa haraka zaidi kando ya skrubu yenye mikwaruzo kuliko iliyosuguliwa. Kwa binadamu tofauti si kubwa hivyo, na uvutaji sigara au ugonjwa wa fizi wa awali huamua mengi.

Wengine hupatanisha: mwili wenye mikwaruzo, shingo laini, yaani ile sehemu ya juu iliyo karibu na fizi. Gharama yake ni kwamba mfupa haupendi shingo laini. Ukiizamisha shingo hiyo ndani ya mfupa, mara nyingi mfupa hushuka mpaka pale mikwaruzo inapoanzia.

Kwa Nairobi ninaegemea mikwaruzo ya wastani, ila kwa sharti. Baadhi ya wanaowekewa pandikizi Upper Hill au Hurlingham hurudi Kitui au Kisii, na usafishaji wa kila miezi 6 huwa nauli ya matatu na siku nzima ya kazi. Mgonjwa wa namna hiyo, hasa aliyeng'oka meno kwa ugonjwa wa fizi, ningemchagulia shingo laini, hata ikibidi asubiri mwezi zaidi bila jino.