Kufuta Posti Hakutoshi

Mitandao ya kijamii ikibanwa kuhusu maudhui ya kujidhuru na kujiua, hukimbilia kutaja idadi ya posti ilizofuta. Mimi naona hesabu hiyo inatupoteza. Posti moja ya huzuni mara nyingi haivunji kanuni yoyote. Balaa ni mtambo wa mapendekezo: unaona umeikodolea macho kidogo, unakuletea ya pili, na kabla hujalala umeshaletewa ya hamsini.

Molly Russell wa London alifariki Novemba 2017 akiwa na miaka 14. Uchunguzi wa kifo chake uliomalizika Septemba 2022 ulionyesha kuwa katika miezi 6 ya mwisho alihifadhi, kupenda au kusambaza posti 16,300 Instagram, na kama 2,100 kati ya hizo zilihusu sonona, kujidhuru au kujiua. Pinterest nayo ilimtumia baruapepe za kumpendekezea picha zaidi za sonona. Yaani hata asipozitafuta, zilimpigia hodi.

Instagram ilipiga marufuku picha za wazi za kujidhuru Februari 2019, na Oktoba ikaongeza michoro na vibonzo. Hatua nzuri, ila kichujio hukamata maneno kinayoyajua. Mtu akibadili herufi moja, anapita. Ukikikaza zaidi, kinamfutia hata anayesimulia alivyopona.

Ukikutana na posti ya namna hiyo, usiisambaze hata kwa kuilaani, maana mtambo haujui hasira, unahesabu tu. Iripoti katika kipengele cha kujiua au kujidhuru. Instagram haimtajii mwenye posti jina lako, na inaweza kumtumia ujumbe wa msaada. Kama unamfahamu, mpigie simu umuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Na kama ukurasa wako mwenyewe umejaa giza, TikTok na Instagram zina sehemu ya kufuta mapendekezo na kuanza upya. Itafute kwenye mipangilio ya maudhui.

Kuna jambo wanaotunga sera hizi huko Marekani hawalipimi vya kutosha. Facebook ikiona hatari ni kubwa, huweza kuwaarifu polisi. Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kosa la kujaribu kujiua Januari 2025 tu. Tanzania, kosa hilo limo katika Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo aliyeombewa msaada anaweza kujikuta mtuhumiwa.