Barafu ya mwaloni inatosha kuanzia

Eti mwandishi wa Mwanza hawezi kutunga hadithi ya mapenzi na uchawi kwenye nchi ya theluji kwa kuwa hajawahi kuiona? Sikubaliani. Wapakiaji sangara wa mialoni yetu (vituo vya kupokelea samaki ziwani) wanajua barafu inavyounguza kiganja na ganzi inavyopanda vidoleni; hiyo ni nusu ya kazi. Kinachoharibu miswada ni mambo madogo: theluji na barafu kufanywa kitu kimoja, au wapenzi kuvuka ziwa usiku wa kwanza wa baridi. Ziwa huanza kuganda ukingoni, na barafu angavu isiyofika unene wa sentimita 10 si ya kukanyaga. Ile nyeupe yenye hewa ndani nguvu yake ni kama nusu tu. Theluji iliyoanguka karibuni hunyonya sauti, kwa hiyo hao wapenzi wawili wasiitane kwa mbali, wafuatane kwa nyayo. Uchawi nao uwe na gharama: mmoja akiwasha moto kwa neno tu, sababu ya kugawana blanketi imekwisha, na mapenzi yenyewe pia (kosa hili limejaa kweli). Ila msimu huo wa theluji mnauitaje kwa Kiswahili? Kipupwe chetu cha Juni kinabeba kweli baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri?